Stika za Bafuni Hazizibi Maji, Dada Yetu

Wadau, ile video ya dada yetu wa Ujerumani na shemeji najua wengi mmeshaiona. Jina sitaji, mnaomjua mmeshamjua. Wamenunua kempa la zamani, lile gari lenye kitanda, jiko na choo humo humo, la miaka ya 1990. Bafuni wamebandika stika za marumaru nyeupe na dhahabu, muziki kwa nyuma, mioyo kibao. Sasa wanaliuza. Mimi nasema hivi: lile bafu ni tamu kwa macho, lakini mnunuzi anauziwa tatizo.

Rudini kwenye picha za kabla ya ukarabati. Ukuta umevimba chini, karibu na beseni la shawa, na kona ina weusi. Hiyo siyo taka ya kupangusa.

Makempa mengi ya zamani, ukuta wa bafu ni plaiwudi nyembamba iliyofunikwa plastiki, au plastiki ya ABS iliyopachikwa kwenye fremu ya mbao. Miaka inavyokwenda plastiki inakuwa ya njano na kukakamaa, silikoni za kona zinaachia, beseni linapata ufa. Gari linatikisika barabarani, ufa unapanuka. Maji yanapita nyuma, mbao inakunywa kimya kimya. Ukibandika stika juu yake umeyafungia maji ndani, na uozo unaendelea bila wewe kuuona.

Kazi ya kweli haina mvuto kwenye kamera. Toa choo na mabomba ya shawa. Kwangua silikoni yote kuukuu, maana mpya haishiki vizuri juu yake, wala rangi haishiki. Tafuta maji yanakotoka. Kata mbao zilizooza, acha pakauke, hata wiki kadhaa, kisha upime kwa kipima unyevu. Ndipo uweke ukuta mpya, wa PVC ya milimita 3 au wa faiba, kwa gundi inayonyumbuka gari likitikisika. Kama plastiki yako ni nzima ila imefubaa, piga msasa, paka praima ya plastiki, halafu rangi. Na jamani, msisafishe kwa asetoni! Inayeyusha ABS.

Kuna waliomshauri aweke marumaru za kweli. Hapana. Marumaru za milimita 7 zina kama kilo 14 kwa mita ya mraba, wakati PVC ya milimita 3 haifiki kilo 5. Leseni ya daraja B kule kwa kawaida inaishia gari la kilo 3,500, na kempa likishabeba maji, gesi na watoto, nafasi inayobaki ni ndogo. Tena marumaru na mtikisiko haviivani, zitapasuka tu.

Najua utetezi wenu: hela ziko wapi? Ni hoja. Na kama gari ni lako, mnaoga wenyewe, bandika hata picha ya harusi. Lakini unapoliuza kwa Waswahili wenzako, wanaokuamini kwa sababu wanakuona kila siku kwenye simu, hapo stika imegeuka pazia. Mtu amedunduliza miaka awapeleke watoto baharini, halafu wiki ya pili tu sakafu inabonyea chini ya miguu. Huyo hatamlaumu fundi wa miaka ya 1990, atakulaumu wewe, na atakuwa na haki.

Dada, hujachelewa. Weka tangazo upya, onyesha ule uvimbe, punguza bei. Utapoteza euro kadhaa, lakini watu wako utabaki nao. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hapa hata hicho kipande chenyewe kimeoza.

Na wewe unayetaka kununua, anzia bafuni kabla ya kushangaa jiko. Bonyeza ukuta kwa kidole gumba kuanzia chini, nusa kona, kanyaga kwa nguvu karibu na choo. Pakibonyea, shika hela yako mfukoni, hata kama muuzaji ana wafuasi laki tano.

Haya wadau, mnasemaje? Namwonea, au nimesema kweli?