MAGARI YA FAMILIA NA MIZANI YA BARABARA ZETU

Kwa muda mrefu sasa pamekuwapo mjadala mkali miongoni mwa wananchi wa Bariadi, na tunaamini pia wa Maswa, Meatu, Itilima na Busega, juu ya yale magari ya familia yaliyoinuka kidogo, ambayo si jipu kamili wala si teksi, na ambayo kila mtumishi mwenye akiba na kila mkulima aliyepata bei nzuri ya pamba huyatamani. Hapana haja ya kuyaeleza sana. Ni Toyota RAV4, Suzuki Escudo, Nissan X-Trail na ndugu zao. Aghalabu huja nchini yakiwa yamekwisha kutumika Japani, na mwenye kulinunua huwa ametoa jasho la miaka kadhaa. Kwa hiyo neno lolote linalosemwa dhidi ya gari hilo humgusa mwenyewe kana kwamba ametukanwa mzazi wake.

Wabishi hawa wamegawanyika pande mbili. Upande wa kwanza ni wa wale wanaosoma hukumu za wataalamu wa magari wa Ulaya na Marekani. Wakisoma kwamba gari fulani lina injini dhaifu, usukani mwepesi usiompa dereva habari za barabara, na mwili unaolala upande katika kona, basi kwao shauri limekwisha. Upande wa pili ni wa wale wanaojibu kwamba wageni hao hawajapata kuiona mbuga ya Itilima wakati wa masika, na kwamba maneno yao ni ya watu walioshiba. Sisi tumesikiliza pande zote mbili, na tunasema kwamba kila upande umeshika nusu ya haki na kuitupa nusu nyingine.

Tuanze na nguvu ya injini, maana ndiyo inayosemwa zaidi. Magari mengi ya aina hii tunayoyaona mkoani yana injini ya ujazo wa cc 2,000 au pungufu kidogo. Jambo hilo halikutokea kwa bahati. Huko Japani gari likivuka cc 2,000 huingia daraja jingine la usajili, na hapa kwetu kwa miaka mingi ushuru wa bidhaa umepangwa kufuata mpaka huo huo: injini kati ya cc 1,000 na 2,000 ilitozwa asilimia 5, na iliyozidi hapo asilimia 10, mbali na nyongeza inayotozwa gari likiwa na umri mkubwa. Mnunuzi wetu hupiga hesabu na kuchukua la cc 1,990. Huo si ujinga, ni uangalifu wa mtu mwenye fedha yake ndogo.

Lakini kuna jambo ambalo mhakiki aliyeko London hana sababu ya kuliandika, na muuzaji wa Dar es Salaam hana faida ya kulitaja. Injini huhitaji hewa, na kadiri nchi inavyopanda hewa huwa nyepesi. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kwenda juu. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Bariadi iko juu ya ziwa. Maana yake ni kwamba gari lililoandikwa kuwa na nguvu za farasi 140 huwa limekwisha kupoteza zaidi ya farasi 14 kabla hata dereva hajapakia mzigo. Mtu aliyelijaribu Kurasini, karibu na bandari, akaliona jepesi, asishangae akifika kwetu akaliona limechoka. Basi wanaosema kwamba hukumu ya wageni juu ya nguvu ni kali mno wamekosea kwa namna wasiyoidhania: kwa mwananchi wa Simiyu hukumu hiyo ni ndogo kuliko ukweli wenyewe.

Tukiingia katika suala la njia mbovu, hapo mizani hugeuka. Mhakiki wa Ulaya hulaumu gari kwa sababu chemchemi zake ni laini. Fundi wa hapa hulisifu kwa sababu hiyo hiyo. Njia zetu za changarawe wakati wa kiangazi hujaa vituta vidogo vinavyofuatana kama bati la nyumba, na gari lenye chemchemi ngumu, linaloshika kona vizuri katika lami ya Ujerumani, huvunja bushi na shokapu za mwenyewe katika msimu mmoja tu. Tena kuna ule udongo mweusi wa mbuga. Ukilowa hujaza meno ya tairi mpaka tairi linakuwa laini kama chungu, na hapo nguvu za farasi 140 au 300 hazina tofauti. Linalosaidia ni urefu wa tumbo la gari kutoka ardhini, tairi lenye meno makubwa, na utaratibu wa kuendesha magurudumu yote manne.

Katika jambo hili la mwisho wananchi wengi wanadanganyika, na tungependa lisemwe wazi. Herufi na tarakimu zilizo nyuma ya gari si ushahidi. Magari mengi yenye umbo hili yaliyotengenezwa kwa miji ya Japani huendesha magurudumu ya mbele tu. Mengine huendesha ya mbele siku zote, na ya nyuma huitwa kusaidia pale tu ya mbele yanapoteleza, kwa kifaa ambacho kikifanyishwa kazi ngumu kwa muda mrefu katika tope hupata moto na kujizima ili kujilinda. Escudo katika vizazi vyake vya kwanza ni kitu kingine: ilijengwa juu ya fremu kama lori dogo, na zile zenye magurudumu manne zina gia nzito ya kutokea katika tope. Ndiyo maana husifiwa vijijini na kulaumiwa mjini kwa kurukaruka na kunywa mafuta. Sifa na lawama hizo zote mbili ni za kweli, na zote zinatoka katika chuma kile kile.

Wazee wetu waliifahamu siri hii. Katika miaka ya 1960 na 1970, sifa ya gari Afrika Mashariki haikuletwa na jarida, ilitafutwa katika vumbi. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kwa miaka mingi yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika, ndiyo yaliyokuwa mtihani. Datsun 240Z ilishinda mwaka 1971 na 1973, Peugeot 504 ikashinda mwaka 1975 na 1978, Joginder Singh akashinda kwa Mitsubishi Lancer mwaka 1974 na 1976, na Shekhar Mehta akashinda kwa Datsun mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Mwenye kununua 504 katika miaka ile alikuwa na sababu aliyoiona kwa macho. Hatusemi kwamba gari la mashindano ni sawa na lile la dukani. Tunasema kwamba uwanja wa mtihani ulikuwa wetu.

Hata sifa mbaya huweza kuwa na mizizi hapa hapa. Chukueni mfano wa injini ya Toyota iitwayo D4, ambayo hupulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa mgandamizo mkubwa. Jina lake limeharibika kabisa katika gereji za nchi hii, hata mtu akitaja D4 wasikilizaji hutikisa vichwa. Ni kweli kwamba ni injini inayotaka uangalifu. Lakini tukumbuke pia miaka ile petroli ilipokuwa ikichakachuliwa kwa mafuta ya taa, mpaka EWURA ikaanza kuyawekea mafuta alama mwaka 2010 na Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011. Injini yenye pampu nyepesi kudhurika ikinyweshwa mafuta ya namna hiyo, ni insafu kuilaumu peke yake?

Mpaka hapa wale wa upande wa pili watakuwa wanafurahi. Lakini sasa tunafika penye jambo zito, na hapo hatuko pamoja nao hata kidogo.

Mwaka 1988 jumuiya ya watumiaji bidhaa ya Marekani, kwa jarida lake Consumer Reports, iliitangaza Suzuki Samurai kuwa haifai, kwa madai kwamba ilikuwa nyepesi kupinduka ikikwepeshwa ghafla. Kampuni ilikwenda mahakamani mwaka 1996 ikidai kwamba jaribio lilipangwa ili gari lianguke, na shauri likamalizwa kwa mapatano mwaka 2004 pasipo fedha kulipwa. Ubishi wa nani alikuwa mkweli haukwisha. Lakini jaribio lenyewe halikutoweka. Wasweden nao wanalo lao: gari hupakiwa uzito wake wote unaoruhusiwa, hukimbizwa kiasi cha kilomita 70 kwa saa, kisha dereva hulikwepesha ghafla upande mmoja na kulirudisha katika njia yake. Hulifanya hivyo kwa sababu katika misitu yao kuna mnyama mkubwa mfano wa pofu ambaye hujitokeza barabarani bila taarifa. Mwaka 2016 jarida lao Teknikens Värld liliijaribu Toyota Hilux, nayo ikanyanyua magurudumu ya upande mmoja. Mwaka 2019 wakaijaribu RAV4 mpya, nayo haikufaulu. Toyota haikujibu kwa matusi. Ilirekebisha mfumo unaozuia gari kuyumba, na RAV4 iliyorekebishwa ikajaribiwa tena ikafaulu.

Mwananchi wa Bariadi atauliza: mnyama wa Sweden ananihusu nini? Anakuhusu sana, ndugu. Tangu lami ilipotandazwa kutoka Lamadi hadi Bariadi, takriban kilomita 72, na kutoka Bariadi kupitia Maswa hadi Mwigumbi, magari yaliyokuwa yakienda kilomita 50 kwa saa kwa hofu ya mashimo sasa yanakwenda 100 na zaidi. Ng'ombe hawakupewa habari hiyo. Mkoa huu ni wa wafugaji. Jioni makundi ya ng'ombe, mbuzi na punda huvuka barabara yakirudi nyumbani, na upande wa Lamadi, karibu na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti, hata wanyama wa porini si ajabu. Jaribio la Wasweden ndilo safari yetu ya kila siku, ila sisi tunalifanya tukiwa na watoto kiti cha nyuma.

Tena tunalifanya kwa mzigo usiopimwa. Vitabu vya magari haya kwa kawaida haviruhusu zaidi ya kilo 100 juu ya paa, na vingine huruhusu pungufu ya hapo. Gunia moja la dengu linatosha kufikia kikomo hicho. Nasi tunaona magunia matatu, baiskeli, na juu yake godoro. Kila kilo inayowekwa juu ya paa hukipandisha kitovu cha uzito, na gari ambalo tayari ni refu kwenda juu hugeuka kuwa mlingoti. Ongeza shokapu zilizokufa, tairi zilizonunuliwa zimekwisha kutumika, na tuta la mji lisilo na alama. Katika hali hiyo mtu anayepuuza maneno ya mtaalamu kwa sababu tu mtaalamu ni Mzungu hajitegemei kimawazo. Anafanya taklidi ile ile ya mwenzake, isipokuwa ameigeuza juu chini.

Hata suala la nguvu ndogo, ambalo wengi huliona la anasa, hapa lina sura nyingine. Gari lililopakia watu saba na mzigo, katika nchi ya juu, huchukua muda mrefu kulipita lori la pamba. Dereva aliyezoea gari jepesi hukadiria vibaya, na anakutana uso kwa uso na basi la Mwanza.

Kinachokosekana basi ni kipimo chetu wenyewe. Nacho kinaweza kupatikana bila gharama kubwa. Wakala wa Ufundi na Umeme, TEMESA, hutengeneza magari ya Serikali mikoani. Kila gari linaloingia katika gereji zake huandikwa: limeharibika nini, baada ya kilomita ngapi, limebadilishwa kifaa gani. Kumbukumbu hizo zikikusanywa kwa aina ya gari na kwa mkoa, zikatangazwa kila mwaka kwa Kiswahili, mwalimu wa Mwanhuzi atajua kwa hakika ni shokapu zipi zinazodumu Meatu na ni gia boksi zipi zinazokufa. Polisi wa Usalama Barabarani nao wanapoandika habari za gari lililopinduka waandike aina yake, uzito uliokuwamo, uliokuwa juu ya paa, na hali ya tairi, badala ya kutuambia kila mara kwamba chanzo ni mwendo kasi na kuishia hapo. Uwanja wa Nane Nane wa Nyakabindi, uliobeba maonyesho ya kitaifa mwaka 2018, 2019 na 2020, una eneo la kutosha kufanyia jaribio la kukwepa mbele ya macho ya wananchi, likisimamiwa na watu wenye ujuzi. Tungependa kuona wauzaji wangapi wangeyaleta magari yao.

Wakati hayo yakisubiriwa, mnunuzi aingie chini ya gari atazame kama lina mhimili wa kuzungusha magurudumu ya nyuma, asitegemee maandishi ya mlangoni. Alijaribu katika lami na katika changarawe, likiwa na watu watano ndani. Muuzaji atakayekataa gari lake lijaribiwe hivyo aachwe nalo.