Mlevi Aulizwe Faraghani

Hapa Lusahunga magari makubwa yaendayo Rwanda na Burundi husimama usiku, na penye magari hapakosi pombe. Walevi wetu wa gongo twawajua kwa majina. Lakini wakiugua, ni wachache wanaomweleza mganga kiasi wanachokunywa. Nami siwalaumu. Mtu akiulizwa jambo hilo watu wote wa foleni wakisikia, atajibu nini ila uongo?

Jambo hili si dogo. Mgonjwa wa kifua kikuu humeza vidonge miezi 6, na baadhi ya vidonge hivyo vyaweza kudhuru ini, hasa ini la mnywaji. Tena mtu aliyezoea kunywa sana kila siku, akiacha ghafula, aweza kupatwa na degedege hata akafa. Anayeambiwa tu, "Acha pombe, nenda zako," aweza kutii akafia nyumbani! Mganga hawezi kumkinga asipoambiwa kweli.

Wako wazee wasemao ya kwamba kumheshimu mlevi ni kumdekeza. Sikubali. Tazameni Dar es Salaam. Mwezi Februari 2011 Hospitali ya Muhimbili ilianza kuwapa watumiaji wa heroini dawa ya methadoni, bila malipo. Watu hao walikuwa na sababu ya kuogopa, kwani heroini imekatazwa na sheria, nao huitwa mateja na kufukuzwa hata na jamaa zao. Basi watu wa mashirika wakawafuata vijiweni, wakazungumza nao. Wakaja kwa mamia. Na utaratibu wenyewe hauna kudeka hata kidogo: mgonjwa huja kila siku, humeza dawa mbele ya mhudumu, na dozi moja humzuilia arosto siku nzima. Je, nani angerudi kila asubuhi mahali anapotukanwa? Baadaye huduma hiyo ilifika mikoa mingine, hata Mwanza.

Gongo haina methadoni yake, najua. Lakini chumba chenye mlango si kitu cha kuagizwa ng'ambo. Naomba swali la pombe liulizwe humo, kwa sauti ya chini, na anayeuliza aeleze kwanza kwa nini anauliza. Nasi wanafunzi tuache kuwazomea walevi barabarani tutokapo shuleni. Baadhi yao ni baba za wenzetu, na njia ya kwenda zahanati ni hiyo hiyo tunayopita sisi.