Kura yetu na pansiyo ya wazee wetu



Wakati wa kampanye, wakandida wanafika katika mitaa yetu wakibeba ahadi. Mmoja anasema: «Mkinichagua, nitaongeza pansiyo ya wazee.» Mwingine anajibu: «Mimi nitawapeleka wazee wote retreti, ili vijana wapate kazi.» Watu wanapigia wote wawili makofi. Lakini ahadi hizo hazifanani, na zote zinakula katika sahani moja: bajeti ya Leta.

Sisi walimu tunaijua habari hii. Kuko wazee ambao miaka yao ya kazi imepita, lakini wangali wanashika choki. Mwenye kuacha kazi bila kupewa haki zake anarudi nyumbani mikono mitupu, na mzigo unamwangukia binti yake ao mkwe wake. Kandida wa pili akiwaondosha wazee bila feza, ni sisi wamama tutakaowalisha. Wa kwanza akiongeza pansiyo tu, wanaongoja retreti hawatapata kitu.

Sheria iko. Katiba yetu, kifungu cha 49, inasema wazee wana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. CNSSAP, mfuko wa watumishi wa Leta, iliundwa mwaka wa 2015, na sheria ya tarehe 15 Julai 2022 inapanga haki zao. Sheria bila feza ni chungu bila unga.

Tena raisi peke yake hawezi. Serikali inapaswa kuleta bajeti bungeni kila mwaka kufika tarehe 15 Septemba; wadepite na maseneta ndio wanaipigia kura. Tarehe 20 Desemba 2023 tulichagua raisi na wadepite siku moja, lakini maneno mengi mitaani yalikuwa ya raisi tu. Depite naye aulizwe.

Basi, katika vikundi vyetu tutayarishe maulizo matatu kwa kila kandida:

1. Feza ya pansiyo itatoka wapi katika bajeti?
2. Mzee akienda retreti, atapewa haki zake lini?
3. Mjane na yatima wa mtumishi watafuata njia gani ili walipwe?

Anayejibu vizuri, tuandike majibu yake katika kaye ya kikundi, tumkumbushe kila Septemba. Asiyejibu, tumpe maji ya kunywa. Kura tubaki nayo.