Mkweche wa Tajiri

Nianze na pesa, kwa sababu pesa ndiyo iliyonifunga mdomo mwaka mzima. Nililipwa elfu nane kuandika historia ya gari: kurasa nne, ziwekwe kwenye faili pamoja na picha na risiti, maana gari la zamani lisilo na faili halipati bei. Niliacha chuo mwaka wa pili sababu ya karo. Elfu nane kwangu ilikuwa kodi ya miezi miwili.

Gari lenyewe ni MG TC la 1948. Lilifufuliwa hapa Chaani, gereji ya ami yangu, ukuta kwa ukuta na yadi ya makontena. Niliandika aya moja kuhusu ami na wenzake. Mwenye gari akaikata. Akasema, kwa upole kabisa, "Hii inashusha hadhi ya gari."

Ati inashusha.

Haya, tuizungumze hiyo hadhi. TC ilianza kuundwa 1945 kule Abingdon, vita vimeisha juzi tu na Uingereza inahangaikia dola. Chuma kilipewa kwanza viwanda vinavyouza nje. Pesa na muda wa kubuni gari jipya havikuwepo, wakachukua muundo wa kabla ya vita wakaurekebisha kidogo. Ukiniuliza mimi, hiyo ni jua kali ya Kizungu, na siisemi kwa dharau.

Bodi yake si chuma kitupu. Ndani kuna fremu ya mbao, bati limefunikwa juu. La huyu bwana lilikuwa limeliwa na mchwa. Ukigonga mlango, unga unamwagika. Seremala wa Migadini, mtu wa vitanda na milango, alivipima vipande vilivyobaki, akavichora kwenye maboksi, akachonga upya kimoja kimoja. Miezi mitano! Bolti za injini nazo zina vituko: hesi ni za milimita, vichwa ni vya kipimo cha Whitworth, kwa hivyo spana zetu za Toyota ama hazikuingia ama zilicheza. Ami alisaga spana kuukuu mpaka zikakaa. Madigadi alizinyoosha kwa nyundo na mfuko wa mchanga, bila puti. Puti kwake ni uongo.

Gari likaenda maonyesho Nairobi, likarudi na kikombe. Kwenye picha yumo mwenye gari, mkewe na mbwa. Mbwa katajwa jina.

Najua utaniambia mafundi walilipwa. Walilipwa, ndiyo, kwa siku, na salio la mwisho likakatwa kwa "kuchelewesha". Lakini kwani kulipwa kunafuta jina? Mchoraji hulipwa na bado hutia saini. Fundi wa jahazi hulipwa na mji mzima hujua ni chombo cha nani. Tena faili lile si kwamba halina majina. Aliyeuza matairi yumo, aliyeuza ngozi ya viti yumo, wote wa Uingereza, na anwani zao. Mikono iliyolijenga gari ndiyo haimo, na siku likiuzwa, kinachouzwa ni kazi ya mikono hiyo.

Alitaka pia nimjazie "enzi za dhahabu". Nikaandika kuhusu Coronation Safari ya 1953, mbio za kusherehekea kutawazwa kwa Malkia, nikaongeza kwamba Kenya ilikuwa chini ya Hali ya Hatari tangu Oktoba 1952. Mbio zikabaki. Hali ya Hatari ikakatwa.

Ami ana pikapu ya 1989. Ikitoa moshi Magongo ni mkweche, iondolewe barabarani; serikali yenyewe inasema gari lililotumika likipita miaka minane lisiingizwe nchini. TC ikitoa moshi, watu wanatoa simu wapige picha.

Kwa hivyo nadai, na nadai hadharani kwa vile faraghani nilishindwa: aya yangu irudishwe kwenye faili, na salio la ami lilipwe. Ile elfu nane nilishaila, siwezi kujifanya mtakatifu. Ningeweza kukataa kazi aya ilipokatwa. Sikukataa.

Nilimsomea ami haya yote jana jioni. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama yule bwana anakumbuka kutia grisi kwenye kingipini.