Daftari la programu huria lisiwe mkononi mwa mmoja

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Watumishi wa Serikali na walimu hawahitaji kufundishwa maana ya maneno hayo. Kila aliyepata kufanya kazi katika ofisi yenye masijala anafahamu kuwa uamuzi usioandikwa katika jalada, ukapewa nambari ya folio na kutiwa saini, ni kama haukupata kufanywa. Ajabu ni kwamba tunapoingia katika kazi ya kutengeneza programu za kompyuta, ambazo leo hii zimebeba takwimu za zahanati na alama za wanafunzi, nidhamu hiyo mara nyingi tunaiacha mlangoni.

Programu huandikwa kwa maneno na alama, na maandishi hayo huitwa msimbo. Msimbo hubadilishwa mara kwa mara. Ikiwa programu ni huria, yaani kila mtu ana haki ya kuisoma, kuirekebisha na kuwagawia wengine, basi wanaoibadilisha ni wengi, nao wametawanyika. Kwa hiyo mradi wa namna hiyo hauna budi kuchagua mfumo wa kutunza matoleo. Mfumo huo ndilo daftari lake: huonyesha nani alibadili nini, lini na kwa sababu gani, na huwezesha kurudi kwenye hali ya jana iwapo ya leo imeharibika.

Madaftari hayo ni ya aina mbili. Aina ya kwanza, kama CVS na Subversion, ni mfano wa masijala moja: historia yote hukaa katika kompyuta kuu, na anayetaka kuandika sharti aifikie kwanza. Aina ya pili, kama Git na Mercurial, humpa kila mshiriki nakala ya jalada zima, tangu folio ya kwanza. Huandika mabadiliko yake hapo alipo, kisha huyaunganisha na ya wenzake mtandao unapopatikana.

Tumfikirie mwalimu wa Kibara, wilayani Bunda, anayeshiriki kutengeneza programu huria ya kufundishia hesabu. Mnamo Mei 2024 nyaya za mawasiliano za EASSy na Seacom, zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi, zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, ikiwamo Tanzania. Siku kama hizo, mwenye daftari la aina ya kwanza angekaa kusubiri. Mwenye daftari la aina ya pili angeendelea na kazi yake kana kwamba hapakutokea jambo. Kwetu sisi hiyo si anasa, ni sharti la kwanza la uchaguzi.

Sharti la pili ni kwamba daftari lenyewe liwe huru. Mwaka 2002 watengenezaji wa Linux, chini ya Linus Torvalds, walianza kutumia BitKeeper, mali ya kampuni moja ya Marekani. Walipewa bila malipo, lakini kwa masharti, mojawapo likiwa kutojihusisha na kutengeneza chombo cha kushindana nacho. Wako waliopinga wakisema kuwa haifai kazi huria ihifadhiwe katika sanduku ambalo ufunguo wake uko kwa mwingine. Mwaka 2005 kampuni ikaondoa ruhusa ile. Aprili ya mwaka huo huo Torvalds alianza kuandika Git, na kufikia Juni toleo jipya la Linux lilikuwa limetunzwa humo. Wao walikuwa na uwezo wa kujitengenezea daftari kwa majuma machache. Je, idara yetu ikinyang'anywa lake, itaweza?

Sharti la tatu ni wingi wa wanaolifahamu. DHIS2, programu huria inayokusanya takwimu za afya katika nchi nyingi, Tanzania ikiwa mojawapo, huratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Kwa miaka kadhaa msimbo wake ulitunzwa kwa Bazaar, ambayo nayo ilikuwa huria na ya kutawanya nakala. Lakini watengenezaji wa Bazaar walipungua, na walimwengu wengi wakaelekea Git. DHIS2 nayo ikahamia huko. Funzo ni kwamba chombo kizuri kisicho na watu huzeeka mapema.

Wapo wasemao kuwa Git ni ngumu kujifunza, na kwamba Subversion ina utaratibu kwa sababu kitu kiko mahali pamoja. Hoja ya kwanza ni ya kweli; amri zake ni nyingi na humchanganya mgeni. Lakini ugumu wa kujifunza hulipwa mara moja, na walimu tunao. Hoja ya pili haina nguvu. Mradi wowote waweza kuteua nakala moja kuwa ndiyo rasmi, hata kama kila mshiriki anayo yake. Utaratibu huletwa na makubaliano ya watu.

Hata hivyo tusijidanganye kwamba kuchagua Git kunamaliza kazi. Wengi huweka nakala yao rasmi GitHub, ambayo tangu 2018 ni mali ya Microsoft. Mwaka 2019 baadhi ya watumiaji wa Iran na Syria walijikuta wamezuiliwa huduma zake kwa sababu ya vikwazo vya Marekani. Google Code, iliyotunza miradi mingi, ilifungwa mwaka 2016. Nakala ya msimbo huweza kuokolewa, kwa kuwa kila mshiriki anayo. Lakini mijadala na taarifa za kasoro zilizoandikwa kwenye tovuti hiyo hazimo katika nakala. Kwa hiyo sababu ya kila badiliko iandikwe ndani ya daftari lenyewe, kama dokezo linavyoandikwa ndani ya jalada.

Basi afisa anayekabidhiwa programu iliyotengenezwa kwa fedha za umma asipokee programu iliyokamilika peke yake. Adai historia yote ya msimbo, leseni inayoruhusu kuurekebisha, na nakala itakayokaa katika kompyuta za taasisi yake. Nao walimu wa kompyuta wawazoeze wanafunzi kuandika dokezo la kila badiliko tangu juma la kwanza, hata kama programu ni ya mistari kumi. Mtengenezaji aweza kuhama, kustaafu au kufariki dunia. Anayempokea kazi akikuta daftari limetunzwa, ataanzia pale mwenzake alipoishia.