Tanga la Jua

Wapo wananchi ambao wakisikia habari za vyombo vya angani hucheka na kusema kuwa hayo ni mambo ya mataifa makubwa yenye fedha za kuchezea. Kasumba hiyo ilikuwa na msingi wakati wa roketi za kwenda mwezini. Leo haina.

Juni 25, 2019, chombo kiitwacho LightSail 2 kilirushwa kutoka Marekani. Uzito wake ulikuwa kilo 5 tu, na kilipofungwa kilikuwa na ukubwa wa mkate. Kwenye kimo cha kilomita 720 hivi kilikunjua tanga la meta za mraba 32, lenye utando mwembamba kuliko unywele, kikaanza kusukumwa na mwanga wa jua. Msukumo wenyewe ulikuwa mdogo mno, karibu sawa na uzito wa punje ya mchele. Lakini mwanga hauishi kama mafuta yaishavyo, na kidogo kidogo hicho hubadili njia ya chombo. Nahodha wa jahazi wa Bagamoyo angeielewa kazi hiyo bila mkalimani: chombo kilipokwenda mbali na jua, tanga liliukabili mwanga, kilipolielekea jua, likalazwa ubavu ili kisirudishwe nyuma. Kilidumu hadi Novemba 17, 2022, kiliposhuka na kuungua hewani. Mradi wote uligharimu kiasi cha dola milioni 7, zilizochangwa na maelfu ya watu binafsi.

Majirani hawakungoja. Setilaiti ya Chuo Kikuu cha Nairobi, sentimeta 10 kila upande, iliachiwa angani mwaka 2018. Rwanda ilifuata mwaka 2019, na Uganda mwaka 2022, kwa kazi ya wahandisi wake 3 waliojifunzia Japani. Hakuna hata moja yenye tanga. Lakini anayejua kuunda kisanduku ndiye atakayeweza kukitweka tanga.

Mwaka 2023 Tanzania nayo ilitangaza nia ya kurusha setilaiti yake. Ni vema. Hata hivyo, setilaiti yaweza kununuliwa, ikarushwa, ikashangiliwa, na siku ya kuungua isiache nyuma fundi hata mmoja.

Ndipo Kibaha na Kisarawe zinapohusika. Wilaya hizo zimo Mkoa wa Pwani ingawa zenyewe hazigusi bahari. Lakini Kibaha ina sekondari ya vijana wenye vipaji, chini ya shirika la elimu lililoanza mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Nordiki, na Kisarawe ina Minaki. Vijana hao hawahitaji roketi. Wanahitaji kisanduku chenye redio, betri na kipimajoto, kilichoungwa kwa mikono yao, kipandishwe kwa puto kwa idhini ya wakuu wa anga, kisha wakifuate kinapoangukia. Kikinyamaza njiani, wakifungue watafute waya uliokatika. Fizikia ya ubaoni haifundishi hilo.

Wizara ya Elimu na Tume ya Sayansi na Teknolojia zitenge fedha za visanduku hivyo kwa shule hizo mbili, pamoja na za mafunzo ya walimu wake, kabla setilaiti ya Taifa haijaagizwa.