Kukatwa PIP si cheti cha kupona

Barua ikija kutoka Idara ya Kazi na Pensheni ya Uingereza kwamba posho ya ulemavu imepunguzwa au imefutwa baada ya tathmini mpya, wengi huisoma kama hukumu ya mwili. Wamekupima, wameona umepata nafuu, basi haki yako imekwisha. Ndugu na majirani nao huipokea hivyo hivyo: angekuwa mgonjwa kweli wasingemkatia. Waingereza wenyewe wanayo imani hii, na wanayo Waswahili waliohamia huko kutoka Barawa, Mombasa, Unguja na Bukavu, ambao wengi wao wamekulia mahali ambapo ofisa wa serikali akishaandika, ameandika. Naipinga imani hii kwa nguvu zote. Haina msingi katika sheria, inakanushwa na matokeo ya rufaa mwaka baada ya mwaka, na inawanyima wagonjwa fedha ambazo Bunge lilikusudia wazipate.

Posho yenyewe inaitwa PIP. Ilianza mwaka 2013 kuchukua nafasi ya posho ya zamani, DLA, kwa watu wenye umri wa kufanya kazi. Hailipwi kwa jina la ugonjwa. Watu wawili wenye ugonjwa mmoja wanaweza kuondoka na matokeo tofauti kabisa, kwa sababu sheria inauliza mambo 12 na kuyapa alama: 10 ya maisha ya kila siku, kama kupika, kula, kuoga, kuvaa, kwenda chooni na kuzungumza na watu, na 2 ya mwendo. Ukipata alama 8 katika kundi moja unalipwa kiwango cha kawaida cha kundi hilo. Ukifikisha 12, kiwango cha juu. Katika mwaka wa fedha wa 2025/26, mwenye kiwango cha juu katika makundi yote mawili alipata pauni 187.45 kwa wiki, na mwenye alama 7 katika kila kundi hakupata kitu. Anayetoa taarifa ya tathmini ni muuguzi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo au mhudumu mwingine wa afya aliyeajiriwa na kampuni binafsi yenye mkataba na serikali, na siku hizi mara nyingi anafanya kazi hiyo kwa simu. Taarifa yake inakwenda kwa mtumishi wa idara, ambaye hajawahi kukuona, na huyo ndiye anayeamua. Zaidi ya hapo, taarifa hiyo mpya peke yake inatosha kisheria kufungua uamuzi wa zamani, hata kama hakuna daktari yeyote aliyeandika kwamba mgonjwa amepata nafuu. Kwa hiyo anayesema "wameona umepona" anaipa barua ile maana ambayo haina. Kilichopimwa ni mazungumzo ya saa moja hivi, yakageuzwa kuwa alama.

Tazama jinsi mazungumzo hayo yanavyogeuzwa. Jambo la kwanza katika orodha ni kupika, na kupika kunakokusudiwa ni mlo mmoja mwepesi wa mtu mmoja, kwa vyakula vibichi, juu ya jiko lililo usawa wa kiuno au zaidi. Kanuni hazikuishia hapo. Zinasema mtu hahesabiwi kuwa anaweza kufanya jambo mpaka aweze kulifanya kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, kwa kurudia kila linapohitajika, na kwa muda usiozidi mara mbili ya ule anaotumia mtu asiye na ulemavu. Na kinachotazamwa ni hali yake katika zaidi ya nusu ya siku zinazohesabiwa. Sasa mchukue mama mwenye baridi yabisi. Anamenya viazi viwili, anakaa, anarudi, anamaliza mlo wake baada ya saa moja na nusu, na jioni ile ile hawezi kushika kikombe. Kwenye simu anaulizwa kama anaweza kupika. Anajibu kweli tupu: ndiyo, najikongoja. Kisheria jibu sahihi ni hapana, kwa sababu hawezi kurudia na anatumia muda mrefu mno, lakini lisipoulizwa swali la pili, na la tatu, "ndiyo" yake inaandikwa na alama zinapotea. Kwenye mwendo ni hivyo hivyo. Chini ya DLA watu walizoea kipimo cha mita 50. PIP ilikishusha hadi mita 20 kwa kiwango cha juu, pungufu kidogo ya mabasi mawili ya London yaliyopangana. Mtu akifika dirishani mwa mapokezi huku akitweta, taarifa inaweza kusema tu kwamba alionekana akitembea bila msaada, kwamba alibeba mkoba wake, kwamba alimtazama mtathmini machoni.

Kamati ya Bunge ya Kazi na Pensheni ilipochunguza tathmini hizi, karibu watu 4,000 waliandika kueleza yaliyowapata, na ripoti ya kamati ikatoka Februari 2018. Mmoja wao alieleza kwamba taarifa yake ilisema anamtembeza mbwa kila siku, wakati yeye kutembea ni shida na wala hana mbwa. Sidai kwamba kila mtathmini ni mzembe. Ninachosema ni kwamba utaratibu ulioweza kumpa mtu mbwa asiyekuwapo hauwezi kuchukuliwa kama neno la mwisho kuhusu viungo vyake.

Ushahidi mkubwa zaidi uko kwenye baraza la rufaa. Baraza hilo haliko chini ya idara iliyotoa uamuzi. Kwa kesi za PIP hukaa jaji, daktari, na mtu wa tatu mwenye ujuzi wa ulemavu, ambaye mara nyingi anaujua kwa maisha yake au kwa kazi yake. Kufungua rufaa ni bure. Na kwa miaka mingi, kati ya kesi za PIP zinazosikilizwa, karibu 7 katika kila 10 zimeamuliwa kwa faida ya mwombaji. Hata pale kiwango kilipopungua, walioshinda wamebaki kuwa wengi kuliko walioshindwa. Wasimamizi wa mfumo huu wamekuwa na jibu lao: watu hushinda kwa sababu huleta ushahidi mpya ambao idara haikuuona. Jibu hilo halisimami. Takwimu za idara yenyewe zimeonyesha kwamba hati mpya ni sababu ya sehemu ndogo tu ya ushindi. Mara nyingi sababu ni moja kati ya mbili: baraza limemsikiliza mwombaji mwenyewe na kumwamini, au limetazama mambo yale yale na kufikia uamuzi mwingine. Kumsikiliza mtu akieleza siku yake inavyokwenda ndiyo kazi ambayo tathmini ilipaswa kuifanya tangu mwanzo. Ndiyo maana pia wanaofika mbele ya baraza, au kuzungumza nalo kwa simu au video, hufanikiwa zaidi kuliko wanaoacha makaratasi yaseme peke yake.

Wapo wanaotumia takwimu nyingine: uamuzi unaofikishwa kwenye baraza ni chini ya 1 katika kila 10, kwa hiyo wengine wote wameridhika. Hoja hii inastahili kujibiwa kwa makini, kwa sababu ndiyo inayoipa imani ile nguvu. Kwanza, si kila uamuzi unamkatia mtu. Wapo waliopewa walichostahili, na hao hawana la kulalamikia. Lakini kwa waliokatiwa, kimya chao hakithibitishi chochote. Kabla ya kufika barazani ni lazima kwanza, ndani ya mwezi mmoja, uiombe idara ile ile ipitie upya uamuzi wake. Wengi wakipokea "hapana" ya pili kutoka mlango ule ule, huvunjika moyo na kuishia hapo, nao walikuwa hatua moja tu kabla ya kusikilizwa na watu walio huru. Na tunao mfano wa wazi wa kimya kilichoficha kosa. Mwaka 2017 serikali ilibadili kanuni ili mtu anayeshindwa kusafiri kwa sababu ya hofu kubwa na msongo wa akili asipate alama za juu za mwendo. Desemba mwaka huo Mahakama Kuu ikaamua kwamba mabadiliko hayo ni ya kibaguzi na kinyume cha sheria. Mwezi uliofuata serikali ikatangaza kwamba haitakata rufaa na kwamba itapitia mafaili yapatayo milioni 1.6. Wengi katika mafaili hayo hawakuwa na nyongeza ya kupata, lakini maelfu walilipwa malimbikizo, wakiwemo watu ambao hawakuwahi kufungua rufaa yoyote. Walikuwa wamekaa kimya na barua yenye kosa, wakidhani kosa ni lao.

Halafu kuna hoja ya fedha za umma. Ni hoja ya haki kabisa kwamba kodi za watu zilindwe. Ila idara hukadiria kila mwaka ni kiasi gani kinachopotea kwa udanganyifu, na kwa PIP, katika mwaka wa fedha wa 2023/24, makadirio yake yenyewe yaliweka udanganyifu karibu na sifuri. Wanaoukatalia uamuzi hawapaswi kutazamwa kama watu wanaotaka kuchota hazina. PIP haipimi utajiri wala umaskini. Anaipata hata mtu mwenye ajira, kwa sababu imekusudiwa kusaidia gharama za ziada ambazo ulemavu unaleta: teksi pale ambapo mwingine angepanda basi, umeme wa kuchaji kiti cha magurudumu, chakula kilichokatwa tayari. Kuidai ni kudai kilichoandikwa katika sheria. Nawaambia haya hasa wale wanaoona kwamba mgeni aliyepokelewa hapaswi kulalamika. Shukrani kwa nchi iliyokupokea ni jambo jema, nami naiheshimu, lakini haimwondolei mtu haki ambayo nchi hiyo hiyo imempa kwa maandishi. Baraza la rufaa nalo halishughuliki na mambo ya uhamiaji. Linaamua kama unastahili posho, basi.

Kwa watu wetu kuna jambo jingine linalozidisha hasara. Tumelelewa kujikaza. Mtu akiulizwa hali hujibu kwamba ni njema, anamshukuru Mungu, hata kama usiku wa jana hakulala kwa maumivu. Mzee hasemi mbele ya mgeni kwamba anaogeshwa na binti yake. Ni adabu nzuri, lakini kwenye tathmini adabu hiyo huandikwa kama ushahidi kwamba mtu yuko sawa, na hali huwa mbaya zaidi pale mkalimani anapokuwa mtoto wa nyumbani, ambaye mama yake hawezi kumtajia habari za choo. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga. Mkalimani wa kazi anaweza kuombwa, kwenye tathmini na kwenye baraza, bila malipo. Nakala ya taarifa ya mtathmini nayo inaweza kuombwa kutoka idara, na inafaa kusomwa mstari kwa mstari na mtu anayezijua kanuni, kama washauri wa Citizens Advice. Tofauti kati ya "anaweza kupika" na "anaweza kupika mara moja kwa siku mbili, kisha analala" ndiyo kesi yenyewe.

Sitaki kumdanganya mtu kwamba rufaa haina hatari. Baraza lina uwezo wa kupunguza hata kile ulichoachiwa, na aliyebakiziwa kiwango cha kawaida anapaswa kupata ushauri kabla ya kukiweka rehani. Kwa kawaida baraza likiona hatari hiyo humwonya mwombaji na kumpa nafasi ya kujiondoa. Lakini kwa aliyefutiwa kila kitu, cha kupoteza ni kidogo mno. Kinachomtisha zaidi huyo ni kusubiri. Kule England na Wales posho iliyokatwa hubaki imekatwa wakati wote wa kupinga, na kufika mbele ya baraza huchukua miezi mingi. Mwenye gari alilolikodi kwa fungu la mwendo analirudisha. Mke au mtoto aliyeacha kazi ili kumuuguza anapoteza posho yake ya mlezi, kwa sababu imefungwa kwenye PIP ya mgonjwa, na hivyo barua moja inaondoa mapato mawili nyumbani. Ukishinda unalipwa malimbikizo, lakini malimbikizo hayalipi kodi ya nyumba ya mwezi uliopita.

Scotland imefanya tofauti. Tangu mwaka 2022 ina posho yake, Adult Disability Payment, inayochukua nafasi ya PIP. Mtu akipunguziwa au kufutiwa baada ya mapitio, naye akapinga, anaweza kuendelea kulipwa tofauti ile mpaka shauri liamuliwe, na hata akishindwa hadaiwi kurudisha. Kwa PIP yenyewe, yapo mapitio ya tathmini yaliyowekwa chini ya waziri Stephen Timms na kutangazwa mwaka 2025, mwaka ule ule ambao wabunge walizuia mpango wa kubana posho hiyo. Yakiishia kubadili maswali na alama tu, huku anayepinga akiachwa bila chochote miezi yote ya kusubiri, watakaoweza kudai haki yao wataendelea kuwa wale wenye akiba au wenye ndugu wa kuwabeba. Jambo la kwanza kuingizwa humo liwe kanuni ile ya Scotland: asiyekubaliana na tathmini mpya aendelee kulipwa alichokuwa akipata hadi baraza litakapomsikiliza.